Saa za Usukani: Daftari la Mazoezi ya Dereva Mwanafunzi katika Mtaa wa Pioneer, Eldoret

Sheria ya Trafiki ya Kenya, ambayo ni Sura ya 403 ya sheria za nchi hiyo, humruhusu mtu anayejifunza udereva kuingia barabarani kwa masharti matatu: awe na leseni ya muda, gari libandikwe vibao vya herufi L mbele na nyuma, na kando yake aketi mtu aliyehitimu anayemsimamia. Leseni hiyo ya muda, ambayo siku hizi huombwa mtandaoni kutoka kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, yaani NTSA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012, hudumu kwa miezi mitatu, na ndani ya muda huo mwanafunzi hutarajiwa kumaliza masomo yake katika shule ya udereva na kufanya mtihani. Kinachopimwa na hati hiyo ni siku za kalenda. Haisemi mwenyewe ameshika usukani kwa saa ngapi, wala kama ameendesha kwenye mvua au kwenye ukavu tu, wala kama amewahi kupishana na lori usiku taa zake zikimmulika usoni. Maandishi haya yanaishughulikia hesabu hiyo isiyoandikwa, na hoja yake ni kwamba familia yenye mwanafunzi wa udereva yafaa iitunze yenyewe bila kungoja kulazimishwa, kwamba hesabu hiyo ina thamani pale tu inapoonyesha aina za uendeshaji na si jumla ya saa, na kwamba daftari lake halipaswi kufungwa siku mtihani unapopitwa.

Mazoezi yanayosimamiwa, kwa maana inayotumika hapa, ni muda ambao mwanafunzi mwenyewe anaendesha gari katika barabara halisi huku dereva mzoefu ameketi kando yake, anatazama anachokitazama, na yuko tayari kusema neno au kuvuta breki ya mkono. Muda huo ni tofauti na somo la darasani, ambako alama za barabarani hufundishwa na magari madogo ya kuchezea husukumwa juu ya ubao wa mji wa mfano, na ni tofauti pia na muda wa kukaa kiti cha nyuma mwenzake anapoendesha. Utafiti uliofanywa kwa miaka mingi katika nchi kadhaa umeonyesha jambo moja kwa uthabiti usio wa kawaida: mwanafunzi aliye na msimamizi kando yake hupata ajali mara chache sana, kisha hatari humpanda ghafla mara tu anapopewa leseni na kuachwa peke yake, na miezi ya kwanza ya upweke huo ndiyo mibaya kuliko yote, kabla ya hatari kuanza kushuka kwa kasi kadiri anavyozidi kuendesha. Yaliyobadilika kati ya siku ya mwisho ya kusimamiwa na siku ya kwanza ya upweke si mikono ya dereva wala ufahamu wake wa sheria, bali ni kuondoka kwa jozi ya pili ya macho.

Macho hayo hufanya kazi ambayo wataalamu huiita utambuzi wa hatari, nao ni uwezo wa kusoma dalili za tukio kabla tukio lenyewe halijatokea, kama vile kuona miguu ya mtoto chini ya matatu iliyosimama na kujua kwamba atachomoza upande wa pili. Anayeanza kujifunza hana nafasi akilini ya kusoma dalili hizo, kwa sababu fikra zake zimejaa klachi, gia, kioo cha pembeni na hofu ya gari kuzimika katikati ya mzunguko huku wengine wakipiga honi. Ni baada ya vitendo hivyo kurudiwa hadi mikono na miguu ivifanye bila kuagizwa ndipo fikra hupata nafasi ya kutazama mbali, na kurudia huko hakuna njia ya mkato, kwa hiyo suala la saa ngapi si la karani bali ni la uhai.

Ushahidi unaotajwa mara nyingi kuhusu jambo hili unatoka Sweden, ambako mwaka 1993 umri wa kuanza mazoezi yanayosimamiwa ulishushwa kutoka miaka 17 na nusu hadi 16, huku umri wa kupata leseni ukibaki 18. Uchunguzi ulioongozwa na Nils Petter Gregersen ulionyesha kwamba vijana walioitumia fursa hiyo walifikia wastani wa takriban saa 118 za mazoezi, ilhali wenzao walibaki karibu saa 41, na kwamba hatari yao ya ajali baada ya leseni ilikuwa pungufu kwa takriban asilimia 40. Sehemu ya tofauti hiyo ilitokana na aina ya familia zilizojitokeza, kwa kuwa mzazi anayejitolea kukaa kando ya mwanawe kwa zaidi ya saa mia moja pengine ni mzazi mwangalifu tangu hapo, lakini hata sehemu hiyo ilipotengwa, kilichobaki kilikuwa kikubwa. Majimbo ya Australia yalienda mbali zaidi na kuifanya hesabu kuwa sharti: New South Wales, tangu mwaka 2007, humtaka mwanafunzi kijana aonyeshe daftari lenye saa 120, zikiwemo 20 za usiku, kila safari ikiwa imetiwa saini na msimamizi. Ufaransa ilichagua kupima umbali badala ya muda, ikaweka kilomita 3,000 katika mpango wake wa mafunzo ya mapema yaliyoanza miaka ya 1980, na hapo pana funzo ambalo mashabiki wa madaftari hulipita haraka mno, kwani tathmini za mpango huo hazikuonyesha punguzo la wazi la ajali. Kilomita elfu tatu zinaweza kujazwa na safari chache ndefu za likizo katika barabara kuu iliyonyooka, mchana, hali ya hewa ikiwa njema, na kijana akatoka humo akiwa amerudia zoezi moja mara nyingi badala ya kukutana na mambo mengi. Jumla kubwa, kwa hiyo, haitoshi kuwa ushahidi wa uzoefu.

Tahadhari hiyo ina uzito wa pekee Eldoret. Mtaa wa Pioneer uko upande wa kusini wa jiji hilo, lililopandishwa hadhi rasmi kuwa jiji tarehe 15 Agosti 2024, na umepakana na Langas yenye msongamano na Elgon View yenye utulivu, karibu na barabara iendayo Kisumu. Ni vigumu kufikiria mahali panapoweza kumpa mwanafunzi aina nyingi zaidi za barabara ndani ya eneo dogo. Njia za ndani ni za murram, zenye mashimo, mbuzi, watoto wa shule na bodaboda zinazotokea pasipotarajiwa. Langas ina soko na watembea kwa miguu wasio na njia yao. Katikati ya jiji iko Uganda Road, sehemu ya barabara kuu inayounganisha bandari ya Mombasa na mpaka wa Malaba, ambako malori marefu, matatu na mikokoteni hugombea nafasi. Akifuata barabara ya Kisumu kuelekea kusini, mwanafunzi huyo hufika Kapseret, ambako hukutana na barabara ya mchepuko ya kutoka Cheplaskei hadi Leseru, yenye urefu wa takriban kilomita 32, iliyojengwa ili malori yaepuke katikati ya mji, na hapo mwendo na kazi ya kukadiria umbali wa gari linalokuja hubadilika kabisa. Ndani ya asubuhi moja inawezekana kupita katika hali nne zisizofanana. Inawezekana pia, na ndivyo hutokea mara nyingi, kwamba masomo yote yakazunguka katika njia zilezile chache kati ya shule ya udereva na mahali pa mtihani, hadi mwanafunzi akazikariri kona zake badala ya kujifunza kuendesha.

Suala la majira linastahili kutazamwa kwa makini zaidi, kwa kuwa linawagusa vijana wengi na ni nadra kusikika likijadiliwa. Mtihani wa kidato cha nne, KCSE, humalizika Novemba, na miezi inayofuata, kabla ya vyuo kufunguliwa, ndiyo ambayo wazazi wengi huwapeleka watoto wao waliotimiza miaka 18 kwenye shule za udereva. Miezi hiyo, Desemba hadi Februari, ndiyo ya ukavu katika kaunti ya Uasin Gishu, ilhali mvua huanza kwa kawaida Machi au Aprili na kuendelea hadi kama Septemba, mara nyingi ikinyesha alasiri kwa nguvu na wakati mwingine ikiandamana na mawe. Leseni ya muda ya miezi mitatu iliyoanza Desemba, basi, huisha kabla ya wingu la kwanza la maana. Kijana huyo hupata leseni kamili bila kuwahi kugusa breki kwenye lami iliyoloa, bila kujua jinsi murram nyekundu ya Pioneer inavyogeuka utelezi, bila kuona kioo cha mbele kikiingia ukungu kutoka ndani huku vifuta maji vikifanya kazi bure kwa nje. Mtihani alioupita ulikuwa halali na mkufunzi wake huenda alifanya kazi njema, lakini kalenda ilimnyima fungu zima la mafunzo, na ni daftari peke yake linaloweza kulionyesha pengo hilo, kwa sababu safu ya mvua itabaki tupu kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho.

Usiku nao una mantiki yake. Eldoret iko karibu sana na ikweta, kwa hiyo jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni mwaka mzima, jambo linalomaanisha kwamba giza hupatikana kila siku katika saa ambayo mtu bado yuko macho na barabara bado ina magari. Mwanafunzi wa Sweden wakati wa kiangazi hana bahati hiyo. Hata hivyo masomo ya shule za udereva kwa kawaida hufanyika mchana, na hivyo wengi huendesha usiku kwa mara ya kwanza wakiwa tayari na leseni, pengine na marafiki wanne ndani ya gari. Alfajiri inastahili safu yake pia, kwa sababu isiyopatikana katika vitabu vilivyoandikwa kwingine: Eldoret, Kapsabet na Iten ni maskani ya wanariadha, nao hukimbia kwa makundi pembeni mwa barabara kabla jua halijachomoza, baadhi yao wakiwa na mavazi meusi, katika ukungu wa nyanda ambazo hapo Eldoret zina mwinuko wa takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Dereva anayejifunza kuwaona watu hao mapema, kupunguza mwendo na kuwapisha kwa nafasi ya kutosha anajifunza jambo ambalo mtaala wowote wa nchi nyingine usingemfundisha.

Kabla ya kueleza daftari lenyewe, yafaa kusemwa kinachostahili kuandikwa ndani yake. Katika shule nyingi gari moja huchukua wanafunzi wawili, watatu au zaidi, mmoja akiendesha na wengine wakisubiri zamu zao nyuma, na mwanafunzi aliyetoka nyumbani saa mbili na kurudi saa nne anaweza kuamini kwa dhati kwamba amejifunza kwa saa mbili ilhali ameshika usukani kwa dakika ishirini na tano. Kutazama kutoka kiti cha nyuma kuna faida yake, lakini hakuingizwi katika hesabu. Vilevile aina ya gari ibainishwe. Mpangilio wa leseni za Kenya hutenganisha daraja B1, la magari madogo yanayojibadilishia gia, na daraja B2, linaloruhusu magari ya gia za mkono, na kwa kuwa magari mengi ya kifamilia nchini huagizwa yakiwa yametumika Japani na hujibadilishia gia yenyewe, hutokea mara kwa mara kwamba kijana anajifunza kwa klachi shuleni kisha maisha yake yote ya udereva yanaanza katika gari la namna nyingine, lenye ukubwa mwingine na breki zenye hisia nyingine. Saa za kupambana na klachi mlimani ili gari lisirudi nyuma ni saa halali, ila hazimfundishi mtu urefu wa boneti ya gari la mama yake.

Daftari lenyewe halihitaji kuwa zaidi ya daftari la kawaida la shule lenye mistari. Kila safari hupewa mstari mmoja wenye tarehe, saa ya kuanza na ya kumaliza kushika usukani, kilomita zinazosomwa kwenye dashibodi mwanzoni na mwishoni, njia iliyofuatwa, aina ya barabara, hali ya mwanga na ya hewa, na saini ya msimamizi. Zipo programu za simu zinazofanya kazi hiyo kwa kufuatilia mahali gari lilipo, nazo husaidia kuhifadhi muda na umbali, lakini programu haijui kama barabara ilikuwa imeloa wala kama msimamizi alilazimika kupaza sauti, na hilo la pili ndilo lenye maana kuliko yote. Safu moja, kwa hiyo, iwe ya maneno ya msimamizi: ni mara ngapi katika safari hiyo alilazimika kuonya, kuelekeza au kuingilia kati, na kwa jambo gani. Idadi hiyo, ikifuatiliwa kwa wiki kadhaa katika aina moja ya barabara, huonyesha kukomaa kwa mwanafunzi vizuri kuliko jumla ya saa, kwa kuwa hupima moja kwa moja kile kitakachotoweka siku atakapobaki peke yake. Mwanafunzi anayepita Uganda Road mara tano mfululizo bila msimamizi kuhitaji kusema neno amefika mahali pazuri hata kama saa zake ni chache, na yule mwenye saa nyingi ambaye bado anakumbushwa kutazama kioo kabla ya kubadili mkondo hajafika.

Udanganyifu katika madaftari hayo ni tatizo linalojulikana Australia, ambako wazazi wengine hutia saini saa ambazo hazikuendeshwa ili sharti litimizwe na kijana apate leseni mapema. Hapo Kenya ina nafasi ambayo haionekani kwa haraka kuwa faida: kwa kuwa leseni ya muda haidai daftari hilo, hakuna wa kudanganywa isipokuwa familia yenyewe, na daftari linaweza kuandikwa kwa ukweli mtupu, pamoja na siku ambayo gari lilizimika mara sita kwenye mzunguko na siku ambayo msimamizi alivuta breki ya mkono. Kama siku moja serikali itaamua kuyafanya madaftari kuwa sharti, itakuwa busara ianze kwa kudai aina za uendeshaji, kwa mfano kiasi fulani cha usiku na kiasi fulani cha mvua, kabla ya kudai jumla kubwa ambayo familia isiyo na gari haiwezi kuimudu. Katika mtaa wenye mchanganyiko wa vipato kama Pioneer, sharti la saa 120 lingewapa leseni watoto wa wenye magari na kuwaacha wengine nje, na ukosefu huo wa usawa si jambo dogo katika nchi ambayo leseni ya udereva ni cheti cha ajira.

Msimamizi naye hapaswi kuwa yeyote mwenye leseni. Akiwa bado katika kipindi cha kujifunza, mwanafunzi abaki mikononi mwa mkufunzi aliyesajiliwa, ambaye gari lake kwa kawaida limefungwa breki ya pili upande wa abiria, na Kanuni za Trafiki kuhusu shule za udereva, wakufunzi na leseni za mwaka 2020 zinaweka masharti ya usajili wa shule hizo na wa wakufunzi wao. Ndugu, mjomba au mzazi anayechukua nafasi hiyo baadaye anahitaji sifa mbili ambazo si za ustadi wa kuendesha: uwezo wa kusema mapema badala ya kufoka baada ya kosa, na utayari wa kukaa bila simu mkononi. Dereva wa matatu mwenye miaka ishirini barabarani anaweza kuwa hodari sana na bado akawa msimamizi asiyefaa, kwa kuwa mambo anayoyaona ameyaona kwa muda mrefu kiasi kwamba hawezi tena kuyaeleza kwa maneno.

Hoja iliyobaki ni ile ya kutolifunga daftari siku ya mtihani, na ndiyo inayoweza kuokoa watu wengi kuliko nyingine zote zilizotangulia. Kenya hupoteza watu zaidi ya 4,000 kila mwaka katika ajali za barabarani, na barabara kuu inayotoka Eldoret kuelekea Nakuru hupita Salgaa na Sachangwan, mahali ambapo majina yake yamekuwa majina ya misiba. Hakuna sheria inayomzuia mwenye leseni mpya kuendelea kuendesha akiwa na mtu mzoefu kando yake, na hilo huiondolea miezi mitatu ya leseni ya muda uzito ambao haikustahili kubebeshwa. Kijana aliyepata leseni Februari akiwa na safu ya mvua isiyo na kitu anaweza kuendesha peke yake mchana kwenda sokoni, na wakati huohuo akakubaliana na wazazi wake kwamba lami iliyoloa, usiku, barabara ya mchepuko na safari za nje ya kaunti zitabaki za kusimamiwa hadi kila safu ipate mistari kadhaa isiyo na maonyo. Mfumo unaofanana na huo, unaoitwa utoaji leseni kwa hatua, ulianza New Zealand mwaka 1987 na baadaye ukaenea Marekani na Australia, ambako dereva mpya huwekewa mipaka ya kuendesha usiku au kubeba vijana wenzake na kisha huondolewa mipaka hiyo kidogokidogo. Familia ya Pioneer inaweza kuuanzisha mezani, kwa makubaliano, bila kungoja bunge.

Makubaliano hayo yahusishe pia bima. Mikataba mingi ya bima ya magari nchini Kenya humtaka mwenye gari alipe kutoka mfukoni kiasi kikubwa zaidi cha hasara pale ajali inapotokea gari likiwa mikononi mwa dereva kijana au asiye na uzoefu, na uzoefu huo kwa kawaida huhesabiwa kuanzia tarehe ya leseni wala si kwa saa za kuendesha, kwa hiyo daftari lililojaa halitabadilisha kiasi hicho. Mwenye gari na ausome mkataba wake na kuuliza kuhusu jambo hilo kabla ya ufunguo kutoka mkononi mwake, na jibu aliloandikiwa na kampuni libandikwe ndani ya jalada la daftari hilohilo.